Jicho la Bingwa na Kumbukumbu ya Mtoto

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, nipitiapo taarifa za wanachuo, hukuta hukumu hii imeandikwa juu ya mtoto fulani: "Hana kumbukumbu." Ni hukumu nzito, maana mtoto aliyekwisha kuandikwa hivyo mara nyingi huachwa nyuma. Kabla ya kuikubali, yafaa tutazame uchunguzi uliofanywa juu ya mchezo wa sataranji.

Mwaka 1973, huko Pittsburgh, Marekani, William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji watatu, kwa sekunde 5 tu, ubao wenye kete za mchezo halisi, kisha wakawataka waupange upya kwa kukumbuka. Bingwa alirudisha kete 16 hivi mahali pake. Mchezaji mgeni, 4 hivi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, tofauti ile kubwa ilitoweka. Basi bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa na mafungu ya kete aliyoyazoea, akayatambua kwa mtazamo mmoja.

Mwaka huo huo Simon na Kevin Gilmartin waliijaribu fikira hiyo kwa programu ya kompyuta iliyoitwa MAPP. Walihifadhi ndani yake mafungu mia kadhaa ya kete, lakini kumbukumbu yake ya muda mfupi ikawekewa nafasi 7 tu, kwa mfano wa mwanadamu. Programu ilipotambua fungu, iliweka jina lake katika nafasi moja, na baadaye ikalifumbua jina hilo kuwa kete. Mafungu yalipoongezwa ilikumbuka zaidi, ingawa nafasi zilibaki zile zile. Kwa makadirio yao, bingwa huhitaji mafungu kati ya 10,000 na 100,000, nayo hayapatikani ila kwa miaka ya mazoezi.

Mimi huwaonyesha wanachuo jambo hili kwa chaki. Huandika "mwalimu anafundisha" na kufuta baada ya sekunde 5. Wote huyaandika maneno hayo bila taabu. Kisha huzichanganya herufi zile zile 18 na kufuta tena. Wengi hukwama baada ya herufi chache. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, karibu kila sentensi ni kama herufi hizo zilizochanganywa.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, usiharakishe kumhukumu mtoto asomaye silabi moja moja na kusahau mwanzo wa sentensi. Mpe silabi, kisha maneno, kisha mafungu ya maneno yenye maana, akutane nayo tena na tena hata jicho lizoee. Hata bingwa ana nafasi chache tu. Kinachompungukia mtoto zaidi ni akiba, na kuijenga akiba hiyo ndiyo kazi yetu.