Mlango wa Mto Rufiji

Wewe ukaaye bara, huenda umesikia watu wa pwani wakitaja "mlango wa mto". Maana yake ni mahali mto unapoingia baharini. Lugha nyingine hupaita mdomo. Sisi twapaita mlango, na jina hili lafaa kweli.

Twende Rufiji, kusini ya Dar es Salaam. Mto huu ukikaribia bahari, kuelekea kisiwa cha Mafia, hugawanyika njia nyingi. Nchi iliyo kati ya njia hizo huitwa delta, kwa jina la herufi ya Wayunani yenye pembe tatu.

Simama ukingoni utazame. Maji yakipwa, mto hutoka. Yakijaa, bahari huingia. Ndiyo kazi ya mlango! Wakati wa mafuriko mto huisukuma chumvi nyuma, na mkulima hupata mpunga. Mto ukipungua, chumvi hurudi shambani.

Miimo ya mlango huu ni mikoko. Mizizi yake hushika tope, na samaki na kamba wachanga hukulia humo. Mikoko hutoa boriti nzuri, lakini aikataye ovyo ajibomolea mlango wake mwenyewe.

Na wewe wa Iringa au Ifakara, usiseme hayakuhusu. Maji ya Ruaha Mkuu na ya Kilombero hupitia mlango huo huo. Basi, tunza chemchemi yako. Yuko jirani usiyemjua, mwenye jaruba la mpunga, anayeingojea.