Waliobisha Hodi Sinza Mori

Mwaka 1979 wanahabari wachache wanawake wa Dar es Salaam walianza kukutana baada ya saa za kazi na kuandaa vipindi vya redio juu ya mambo ambayo wakati huo yalizungumzwa jikoni au msibani tu. Mojawapo lilikuwa la wasichana wa shule wanaopata mimba, wakafukuzwa masomo, huku aliyewapa mimba akiendelea na shughuli zake. Redio ilikuwa moja Bara, Radio Tanzania, na studio zake zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Nyerere. Vipindi vikasikika. Upinzani nao ukasikika, urasimu ukafanya kazi yake, na kikundi kikasambaratika kabla hakijapata hata jina la kudumu.

Wanawake wenye elimu ya chuo walikuwa wachache mno siku hizo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, darasa la kwanza la sheria lilikuwa na mwanamke mmoja tu, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waombe nafasi chuoni. Haukupita muda ikaonekana kwamba msichana aliyetoka kidato cha sita akaenda kazini, kurudi kwake masomoni ni nadra: ameshaolewa, ameshazaa, au mume hataki. Mwaka 1976 wasichana wakaruhusiwa kupita moja kwa moja. Upande wa habari, Chuo cha Uandishi wa Habari, kilichofahamika kwa herufi zake TSJ, kilikuwa kimefunguliwa 1975. Kwa hiyo wanawake wale wa 1979 walikuwa zao la kwanza la milango iliyokuwa imefunguka juzijuzi tu, na walijua kwamba mlango uliofunguliwa juzi unaweza kufungwa kesho.

Hawakukata tamaa. Mwaka 1985 mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake ulifanyika Nairobi, na Mlimani, kwenye Chuo Kikuu hicho, watafiti kama Marjorie Mbilinyi, Ophelia Mascarenhas na Ruth Meena walikuwa wameshaanza kukusanya maandiko na takwimu za maisha ya wanawake wa Tanzania. Wanahabari wakajikusanya upya. Tarehe 17 Novemba 1987 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kikaandikishwa. Miongoni mwa waasisi walikuwa Fatma Alloo kutoka Zanzibar, Leila Sheikh, Rose Haji, Pili Mtambalike, na Edda Sanga, ambaye sauti yake ilikuwa imezoeleka sebuleni kwa watu kupitia redio. Mwaka huohuo madaktari wanawake waliunda chama chao, MEWATA, na kabla ya 1990 kwisha wanasheria nao walikuwa na TAWLA.

Kwa nini vyote vizaliwe karibu wakati mmoja? Tangu 1962 sauti ya mwanamke ilipita UWT, umoja wa wanawake ulioanzishwa Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, na UWT ilikuwa jumuiya ya chama tawala. Baada ya 1986, Rais Mwinyi alipolegeza kamba za uchumi, serikali ilipunguza mikono yake hospitalini na shuleni, bei zikapanda, na mzigo ukamwangukia mama wa nyumbani. Mwenye kalamu, mwenye kipimo cha daktari na mwenye joho la wakili waliuona mzigo huo kila mmoja kwa upande wake.

Machi 1988 TAMWA ikatoa jarida. Wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, mwaka 1880, akauza vyungu vilivyofinyangwa nyumbani kwao, akaja kuwa mwimbaji wa taarabu ambaye santuri zake zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Bibi Siti hakupata darasa. Hilo ndilo linalomgusa mwandishi wa kumbukumbu hii kila anapokutana na nakala kuukuu ya jarida hilo: wanawake wenye diploma na shahada, waliokuwa na haki ya kujivunia vyeti vyao, waliamua jarida lao libebe jina la mwanamke aliyetunga na kuimba bila kujua kusoma. Katika uamuzi huo mdogo kulikuwa na dalili ya jinsi chama kitakavyokuwa.

Ofisi ilikuja kutulia Sinza Mori. Sinza ya wakati huo haikuwa ya maghorofa na baa zinazoshindana kwa muziki. Ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, na wafanyakazi wa kawaida wakapewa viwanja wajijengee wenyewe. Ilikuwa wilaya ya Kinondoni (leo imo Ubungo, tangu wilaya zilipogawanywa). Mwandishi alikulia huko, mtoto wa karani na mshonaji, na anakumbuka jinsi jina la chama lilivyoingia mtaani likawa mali ya kila mtu. Kondakta akitaja kituo, "Mori! Mori wanashuka?", na kati ya kina mama wanaoshuka humkosi mmoja mwenye bahasha ya kaki kwapani, anayeuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mwanangu, TAMWA ni wapi?" Uani, wanandoa wakigombana, jirani angesikia, "Nitakupeleka TAMWA!" Aliyetoa kitisho hicho huenda hakuwahi kusoma ukurasa mmoja wa Sauti ya Siti.

Hapo ndipo chama kilipobadilika, na waliokibadilisha walikuwa wasomaji na wasikilizaji wake. Wanahabari waliandika habari za mke anayepigwa, mjane aliyenyang'anywa nyumba, binti aliyebakwa. Wakadhani kazi imekwisha habari ikichapwa. Siku chache baadaye mwanamke wa namna ileile alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akitaka kujua yeye afanye nini. Humjibu mtu wa namna hiyo kwa kumpa gazeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikaanzishwa Kituo cha Usuluhishi, chenye washauri na msaada wa kisheria, na chama cha waandishi kikajikuta kinapokea watu waliolia usiku kucha.

Shangazi yake mwandishi alikuwa mmoja wao. Aliishi Tandika, wilaya ya Temeke, akauza maandazi asubuhi na kufua nguo za watu mchana. Alikuja kwa daladala mbili, amevaa khanga mpya aliyoiweka kwa ajili ya arusi, kwa sababu alisikia huko ni ofisi ya wasomi. Mama aliyempokea alisimama akamwamkia, "Shikamoo dada," akamvutia kiti, akamwuliza kwanza kama ameshakunywa chai. Karatasi ya maelezo ilijazwa pole pole: jina, mtaa, watoto wangapi, baba yao yuko wapi, mara ya mwisho alileta nini. Kilichomshangaza shangazi ni kwamba hakukatizwa. Alipomaliza, yule mama alimsomea alichoandika, neno kwa neno, akauliza, "Ndivyo ulivyosema? Kuna nilipokosea?" Barua ya wito ikaandikwa, akapewa aipeleke kwa mjumbe wa nyumba kumi ili imfikie mzazi mwenzake.

Walichoshindwa kumpa ni sheria nzuri, kwa sababu haikuwepo. Matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yalitawaliwa na sheria ya kikoloni ya 1949, na kiwango cha juu ambacho mahakama ingeweza kuamuru kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Wakati sheria inatungwa hizo zilikuwa fedha. Katikati ya miaka ya 1990 hazikununua mkate mzima. Sheria hiyo ilidumu mpaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Kwa miaka yote hiyo, washauri wa Sinza Mori waliketi kati ya mama na baba wakitafuta kwa maneno na subira kile ambacho hakimu hakuruhusiwa kukitoa kwa hukumu. Mwandishi anaamini kazi hiyo ya mezani, isiyopigwa picha, ndiyo kubwa kuliko zote ambazo chama kimewahi kufanya.

Chuo Kikuu chenyewe hakikuwa salama. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Mlimani, alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. Pale chuoni kulikuwa na desturi ya Punch, mabango ya siri yaliyobandikwa ukutani, ambayo yalianza kama kejeli kwa wakubwa na kuishia kuwa fimbo ya kuwapigia wasichana. Kifo kile kiliwatikisa wanawake wasomi kwa namna ambayo takwimu haziwezi. Wengi wao walikuwa wamepita katika mabweni yaleyale. Walijua ngazi zile, ukumbi ule wa chakula, na kimya cha wanaoangalia. TAMWA na wanataaluma wanawake wakapaza sauti hadharani, na unyanyasaji wa kijinsia, ambao mpaka hapo uliitwa utani wa vijana, ukawa jambo la kujibiwa na uongozi wa chuo.

Kutokana na miaka hiyo chama kiliimarisha mbinu yake ya kishindo. Wanachama walitawanyika katika vyombo tofauti: Daily News, Uhuru, Radio Tanzania, kisha magazeti binafsi yaliyochipuka na televisheni iliyofika Bara mwaka 1994. Walichagua suala moja, wakaenda vijijini na mitaani pamoja, wakarudi na habari, halafu zote zikatoka kwa wakati mmoja. Mbunge aliyefungua gazeti asubuhi alikuta ubakaji, akiwasha redio mchana ubakaji, jioni kwenye runinga ubakaji. Hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Namba 4 ya mwaka huo. Adhabu ya ubakaji ikawa kifungo kisichopungua miaka 30, na kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa la jinai. Mwaka uliofuata zikaja sheria mbili za ardhi zilizotambua haki ya mwanamke kumiliki sawa na mwanamume. TAMWA haikuwa peke yake katika hilo. Kulikuwa na TAWLA na wasaidizi wengine wa sheria, na kulikuwa na TGNP, mtandao wa jinsia ulioanza 1993 na kujenga makao yake Mabibo, ambako semina za Jumatano zimewakutanisha wahadhiri na kina mama wauza mboga katika viti vya aina moja.

Si kila chombo kilinusurika. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, liliandikishwa 1995 likaingia mikoani kwa kasi, likaelimisha wapiga kura wanawake katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mwaka 1996 lilisimamishwa, na 1997 likafutwa kwenye daftari la vyama kwa madai kwamba linaendesha siasa. Lilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilitoa uamuzi wa kuliunga mkono mwaka 2009, baraza lenyewe likiwa limekwisha kusambaratika na Profesa Tibaijuka akiwa Nairobi, mkuu wa UN-Habitat. Wengi walijifunza kutokana na kisa hicho kupima maneno. Mwandishi haoni sababu ya kuficha kwamba upimaji huo uliacha alama: baada ya hapo lugha ya mashirika mengi ililainika, "kudai" likawa "kuhamasisha", na mikutano ikahamia hotelini.

Mabadiliko mengine yaliletwa na fedha. Kikundi cha marafiki wanaochangiana nauli kikawa shirika lenye wahasibu, mipango ya miaka mitano na ripoti za robo mwaka kwa wafadhili. Faida yake ni kubwa: chini ya wakurugenzi kama Ananilea Nkya chama kiliweza kufuatilia ukeketaji, mauaji ya vikongwe na vifo vya wazazi katika mikoa ambayo waandishi wa Dar es Salaam hawakuwa wakifika. Hasara yake ni kwamba mradi ukiisha, suala nalo huachwa likingoja mradi mwingine.

TSJ nayo haipo tena kwa jina hilo. Mwaka 2003 iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa ni Shule Kuu ya Uandishi wa Habari. Leo msichana anayetaka kuwa mtangazaji anaweza kuanza na shahada, jambo ambalo kwa kina mama wa 1979 lingesikika kama ndoto. Ila shahada haikufuta hatari. Novemba 2018, siku Rais Magufuli anazindua maktaba mpya ya Mlimani, mhadhiri Dk. Vicensia Shule aliandika kwenye Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Kelele zilikuwa kubwa, na swali la kwanza la baadhi ya watu lilikuwa kwa nini amesema, kabla ya kuuliza kama ni kweli. Kosa hilo lilikuwa limeshatajwa tangu 2007 katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikafanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma, na matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kwamba tatizo lipo.

Mhitimu wa sheria wa Mlimani, Rebeca Gyumi, alichukua njia ya mahakama. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, kifungu ambacho wanahabari wanawake walikiandika na kukilalamikia kwa miaka mingi. Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba kinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kukirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.