Dawa ya Pumu Tuichangie Mapema

Akina mama wapendwa, sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunaujua moshi. Kuna moshi wa kuni jikoni, wa kukausha migebuka, na wa kuchemsha mawese. Katika moshi huo hukohoa mtoto mwenye pumu, nasi husema, "Ni kifua tu, kitapita."

Pumu haipiti hivyo. Njia za hewa huvimba kwa ndani, hubana na kujaa makohozi, ndiyo maana kifua hulia kama filimbi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Dawa zipo, lakini haziwafikii wenye shida.

Mama mmoja muuza dagaa alikuwa akimleta mwanawe usiku, mara tatu kwa mwezi. Nilipomweleza kuhusu dawa ya kuzuia, akanijibu, "Dada nesi, fedha hiyo nitaitoa wapi?" Tukakaa tukahesabu: bodaboda ya usiku, dawa za dharura, na siku alizokosa kwenda sokoni. Jumla ikapita bei ya dawa ile. "Lakini mtoto akibanwa, jirani hunikopesha," akasema. "Akiwa anacheza, nani atanikopesha?"

Maneno yake niliyapeleka kwa akina mama tunaotembelea wagonjwa kanisani. Tukakubaliana kwamba kila mwezi, kabla mwenzetu hajapokea fedha za upatu, tutenge kidogo kwa ajili ya dawa ya mtoto yule. Sasa anaitumia kila siku, na safari za usiku zimepungua sana.

Mama, zijue dawa hizi mbili. Inhela ya kutuliza, ambayo mara nyingi ni ya bluu, hufungua kifua kilichobana. Ya kuzuia hupunguza uvimbe polepole, hivyo hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima. Wako wanaoogopa kwamba mtoto "ataizoea" na kushindwa kuiacha. Inhela si kilevi. Mtoto huitumia kwa muda mrefu kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa muda mrefu.

Mtoto mdogo hawezi kuivuta vizuri peke yake. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako, inhela ikaingizwa hapo na kuzibwa vizuri, husaidia sawa na kifaa cha dukani. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Moshi nao tuupunguze. Pikia nje au penye hewa, tumia kuni kavu, na mtoto asikae karibu na jiko wala tanuri la samaki. Lakini akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, mpe dawa ya kutuliza na mkimbize hospitali mara moja.

Wapendwa, katika kila kikundi chetu yuko mama anayelala macho wazi akisikiliza pumzi ya mwanawe. Tusingoje atugongee mlango usiku. Tumchangie mchana, wakati mtoto bado anacheza.