Kiota cha Sungura Katika Ua wa Marekani

Msafiri afikaye jimbo la Ohio, nchini Marekani, majira ya machipuko, huona nyumba nyingi zimezungukwa na nyasi fupi ambamo mbwa wa nyumbani hucheza. Katika nyasi hizo hizo sungura mwitu huzaa. Mama hufukua kishimo kifupi, hukitandika majani makavu na manyoya ya kifuani mwake, kisha hukifunika. Sungura wa mbugani kwetu huzaliwa na manyoya, macho wazi. Hawa huzaliwa uchi na vipofu.

Mchana mama haonekani. Huja alfajiri na magharibi, akanyonyesha dakika chache, akaenda zake, asije akamwonyesha adui kiota. Basi mbwa akikifukua, watoto wa nyumba huwaokota wachanga wakidhani ni mayatima, nao wengi hufa. Yafaa warudishwe kiotani. Mama hawakatai kwa sababu wameguswa na mtu. Mbwa na afungwe kamba, au atokapo mchana kiota kifunikwe tenga, nalo liondolewe jioni mama apate njia. Ulinzi huo hauzidi wiki tatu hivi. Baadaye wana hujiondokea wenyewe.