Mradi wa sayansi ndani ya bakuli la hina



Mtoto wa dada yangu anasoma kidato cha tatu huko Ziba, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Wameambiwa kila mmoja atafute mada ya mradi wa sayansi. Akanipigia simu: "Mamdogo, nataka nipime piko na hina, ipi inakolea zaidi. Wenzangu watano wamekubali niwapake mikononi."

Mada ni nzuri, nikamwambia, ila mikono ya watu hapana. Piko nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Wako wanaopaka wasione kitu, na wako inaowatoa malengelenge. Ngozi ikishaikataa, hata rangi ya nywele yenye PPD inaweza kukudhuru baadaye. Nimeshamwona bi harusi aliyeolewa Ijumaa, Jumapili mikono imevimba.

Mama yake naye hakuridhika. "Hina ni mambo ya harusi, atachekwa shuleni." Hapo ndipo nilipokaza. Tangu 2012 wanafunzi wetu wanapeleka miradi kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania, na mada nyingi hutoka kwenye shida za nyumbani kwao. Jikoni nako kuna kemia.

Basi tukajiuliza maswali manne. Linapimika? Vifaa vinapatikana Ziba? Litakwisha ndani ya muhula? Kuna atakayefaidika? Piko ikaachwa, ikabaki hina ya majani. Badala ya mikono, vitambaa vyeupe vya pamba. Na Igunga pamba wanailima. Swali likawa moja: hina hukolea zaidi ikikorogwa kwa maji matupu, kwa ndimu au kwa chai ya rangi? Hina ni ileile, kipimo kilekile, saa sita kila kitambaa, kisha vyote vifuliwe kwa sabuni moja. Kinachobadilika ni kile cha kukorogea tu.

Bibi zetu wametia ndimu kwenye hina miaka yote. Sasa binti yao atapima na kuandika alichokiona, hata kama ndimu itashindwa.

Nawe bi harusi mtarajiwa, kabla hujanyoosha mkono, muulize mpambaji ndani ya piko yake mna nini. Asipojua, chagua hina.

Allah awafanyie wepesi mabinti zetu. Amin.