Pilsen Ilipokuwa na Wenyewe

Ukishuka leo kwenye treni ya Pink Line kituo cha 18th Street, Chicago, unapokewa na michoro ya ukutani inayopendwa na watalii, migahawa ya kahawa ya bei ya juu na maghorofa mapya ya vioo. Mtaa umependeza, sikatai. Lakini mimi niliijua Pilsen mwishoni mwa miaka ya tisini, Waswahili wachache tulipokuwa tukibeba maboksi usiku na kupanga vyumba kwa Wamexico, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na hakuna aliyekuuliza makaratasi ya ukaazi.

Alfajiri tukirudi kazini, akina mama walikuwa wameshatoka na sufuria zao za tamale za moto, yaani maandazi ya unga wa mahindi ya Kimexico. Wateja wao wa kwanza walikuwa vibarua wanaosubiri gari la mwajiri. Wengine walilipwa jioni. Wengine walizungushwa wiki nzima, kisha mwajiri akabadilisha simu. Wangemshtaki wapi watu wanaoogopa hata kutaja anwani zao? Na wenzao waliokuwa na ajira za mishahara walikatwa mchango wa pensheni ya serikali, pensheni ambayo asiye na makaratasi haipati.

Mzee aliyenipangisha, mtu wa Michoacán, Mexico, alinisimulia jinsi walivyofika pale. Jamaa zake walikuwa wakiishi mitaa ya Near West Side. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mitaa ile ikabomolewa kupisha Chuo Kikuu cha Illinois, nao wakasogea kusini, Pilsen, mtaa uliopewa jina na Wacheki waliowatangulia. Walikuta nyumba chakavu na shule zilizojaa pomoni. Wazazi waliandamana mpaka sekondari ya Benito Juarez ikafunguliwa mwaka 1977. Mwaka 1987 wakafungua jumba lao la makumbusho ya sanaa ya Kimexico, ambalo mpaka leo halitozi kiingilio.

Kulikuwa na moshi pia. Mtambo wa umeme wa Fisk ulichoma makaa ya mawe katikati ya makazi ya watu, na watoto wenye pumu walikuwa wengi mno. Wakazi walipiga kelele miaka nenda miaka rudi. Mtambo ukafungwa mwaka 2012.

Hapo ndipo panaponiuma. Shule ilipokuwepo na kuta zikapambwa, wenye fedha nao wakaanza kuutaka mtaa, na hewa iliposafishwa wakazidi. Kodi za vyumba zikapanda. Hata waliokuwa na nyumba zao, kama yule mzee, walibanwa na kodi ya majengo, kwa kuwa inapanda pamoja na thamani ya mtaa hata kama mshahara umesimama palepale. Tangu mwaka 2000 Pilsen imepoteza zaidi ya Walatino 10,000, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini.

Casa Aztlán naikumbuka kwa namna ya pekee. Lilikuwa jumba la jamii: wageni walijifunza Kiingereza humo na kuandaliwa kwa mtihani wa uraia, na ukuta wa nje ulikuwa na michoro ya Ray Patlán na wenzake. Jumba lilipotea kwa deni. Mwaka 2017 mmiliki mpya, akiligeuza kuwa nyumba za kupangisha, alipaka rangi juu ya michoro yote. Watu wakaja juu, na Patlán mwenyewe akaitwa kuchora upya. Michoro imerudi, ila madarasa hayakurudi.

Yule mzee aliuza nyumba, akahamia Cicero, magharibi mwa jiji. Mwanawe anapanda treni kila siku kurudi 18th Street, kupika katika mgahawa ambao hamudu bei ya kula humo na familia yake.

Wakuu wa Chicago wanaisifu Pilsen kila wanapotaka wageni. Basi wawawekee kikomo cha kodi ya majengo wazee waliobaki, na wajenge nyumba za bei ambayo mpishi wa 18th Street anaimudu, kabla hao waliobaki nao hawajafungasha.