Kifuniko cha Kalamu

Sisi tuishio mijini tumeuzoea umeme kiasi cha kuusahau. Huukumbuka unapokatika, ukirudi twashangilia, kisha kila mmoja hukimbilia soketi na simu yake mkononi. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa watu hao, hadi jioni moja ya masika ya mwaka 2023, katika nyumba tunayopanga hapa Buguruni, Dar es Salaam. Ndugu msomaji, nitakueleza yaliyotupata bila ya kuificha sehemu yangu, maana kosa lilikuwa langu.

Binti yetu alikuwa kidato cha nne. Ili kumsaidia katika masomo, nilimnunulia kompyuta mpakato ya mtumba iliyotoka Ulaya. Plagi yake ilikuwa na pini mbili za mviringo, na soketi zetu, kama ujuavyo, zina matundu matatu ya pini bapa. Dukani palikuwa na adapta ya kufaa, lakini niliionea uchungu fedha yangu. Nikachukua kifuniko cha kalamu, nikakisokomeza katika tundu la juu ili vizibo vya matundu mawili ya chini vifunguke, kisha nikaiingiza plagi kwa nguvu. Taa ya kompyuta ikawaka. Binti akanipigia makofi, nami nikajiona fundi.

Baada ya siku chache akaniambia, "Baba, kompyuta hii hunitekenya nikiipakata huku inachajiwa."

Nikacheka. "Vaa kandambili, mwanangu," nikamjibu, nikaendelea na mambo yangu.

Jioni ninayoisimulia mvua ilikuwa ikinyesha. Binti alikuwa ametoka kuoga, miguu mitupu, maji yakimchuruzika juu ya sakafu ya saruji. Simu yake, iliyokuwa ikichajiwa mezani, ikaita. Chaja yake nilikuwa nimeinunua mimi, barabarani, kwa shilingi 3,000. Akaishika simu. Sikusikia "halo"; nilisikia mlio ambao sitaki kuusikia tena maishani. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja juu ya ukingo wa chuma wa simu, naye hakuweza kuiachia. Mama yake alikurupuka ili amkumbatie.

"Usimguse!"

Ilikuwa sauti ya mzee jirani yetu, fundi umeme mstaafu, aliyekuwa ameketi barazani akingoja mvua ipungue. Aliingia mbio, akaiendea swichi kuu, akaizima. Nyumba ikawa giza, na binti akaanguka chini.

Namshukuru Mungu, alikuwa hai. Hospitalini walimpima moyo, wakamfunga vidole viwili vilivyoungua, wakamlaza usiku mmoja kwa uangalizi.

Aliporudi nyumbani, mzee alikuja kumjulia hali. Kisha akaipasua ile chaja mbele yetu.

"Mwanangu," aliniambia, "ukutani mna volti 230. Simu hii inahitaji volti 5 tu, au zaidi ya hapo kidogo. Kazi ya chaja si kuupunguza umeme tu, bali pia kuutenga."

Akanionyesha nyaya mbili nyembamba zilizozungushwa kama uzi katika kidude kimoja. Mmoja huupokea umeme wa ukutani, na wa pili huipelekea simu, wala haifai kugusana kamwe. Katika chaja bora, pande hizo mbili hutenganishwa kwa nafasi ya milimita kadhaa na utando imara wa kuzuia umeme. Katika chaja yangu nafasi ilikuwa kama unene wa ukucha, na utando ulikuwa umeungua. Umeme wa ukutani ulivuka, ukaingia katika simu. Ngozi kavu huupinga umeme kwa kiasi fulani, lakini ngozi iliyolowa huufungulia mlango. Na misuli ikipitiwa na umeme hujikunja. Ndiyo sababu mtu hushindwa kukiachia alichokishika.

Mzee akauliza kama kuna chombo kingine kibovu humo ndani. Binti akajibu kwa upole, "Kompyuta nayo hunitekenya, Babu. Nilimwambia Baba."

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu. Mzee aliichomoa plagi, akakitoa kile kifuniko cha kalamu, akakiweka kiganjani mwangu. Tundu la tatu, alisema, ni la waya wa ardhi. Umeme ukivuja, waya huo huupa njia ya kwenda udongoni badala ya kupita mwilini mwa mtu. Plagi yetu ilitegemea vipande vya chuma vya ubavuni kwa kazi hiyo, navyo katika soketi zetu havigusi kitu. Mtekenyo ule ulikuwa ni umeme kidogo ambao chaja ya kompyuta huuvujisha kwa kawaida, nao ulikosa njia ya ardhini. Peke yake aghalabu haudhuru. Lakini ulikuwa ukitupa habari kwamba mlinzi hayupo, na mimi niliipokea habari hiyo kwa kicheko.

Tangu hapo nyumba yetu ina taratibu zake. Simu inayochajiwa haishikwi kwa mikono iliyolowa, wala haipelekwi bafuni. Atakaye kuzungumza huichomoa kwanza. Hailazwi chini ya mto wala ndani ya chandarua, kwa kuwa betri ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi huweza kushika moto. Kompyuta huwekwa juu ya meza, si juu ya godoro. Waya uliochunika haufungwi kwa plasta, hutupwa. Chaja hununuliwa dukani, yenye alama ya ubora, na adapta ni ile yenye pini ya ardhi iliyo ya kweli. Tulizungumza na mwenye nyumba, tukachangia gharama, naye akafunga kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kiasi cha miliampea 30. Na kila mtoto anajua swichi kuu ilipo, anajua kwamba aliyenaswa na umeme haguswi mpaka umeme uzimwe, na anaijua namba ya Zimamoto, 114.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Mimi nilitaka kuokoa shilingi elfu chache, na ilibaki kidogo nilipe kwa mtoto. Binti alifanya mtihani wake mwaka ule akiwa na kovu vidoleni, na kila nilionapo nakumbuka kicheko changu.

Ndugu msomaji, kabla hujalala leo, pita katika vyumba vyako uzitazame kuta. Ukikuta kifuniko cha kalamu katika tundu la tatu, zima swichi, kisha ukitoe. Na mtoto akikwambia kwamba chombo kinamtekenya, usicheke.